Mtambo Upi Ununuliwe? Jambo Hili ni Letu Pia

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Leo hatutasema habari za mishahara. Twataka kusema habari ya jambo linalotangulia mshahara, nalo ni hili: kiwanda kikiwa na fedha za mtambo mmoja tu, na mipango iliyo mezani ni miwili, uchaguliwe upi? Wengi wetu husema, "Hayo ni mambo ya wakubwa." Sivyo, ndugu. Wakubwa wakikosea hesabu huhamia kwingine. Sisi ndio tunaobaki nje ya lango na visanduku vyetu vya vyombo.

Na tuanze na mfano tunaoujua sisi watu wa reli. Ile injini kubwa ya mvuke iliyo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, namba 5918, jina lake Mount Gelai, ni moja ya Garratt 34 za aina ya 59. Ziliundwa na kiwanda cha Beyer Peacock, Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 252, nazo zilivuta mizigo kutoka Mombasa kupanda mpaka Nairobi. Walioziunda walikuwa mafundi hasa, na kiwanda chao kilikuwa cha tangu mwaka 1854. Lakini mwaka 1966 kilifungwa.

Je, kilifungwa kwa sababu mafundi walikuwa wavivu? Hapana. Dunia ilikuwa inaacha mvuke. Hata reli yetu ya Afrika Mashariki ilipata kufikiri habari ya Garratt kubwa zaidi, aina ya 61, lakini haikuundwa hata moja. Kuanzia mwaka 1960 ilipokea injini za dizeli za English Electric. Basi kila kiwanda cha injini za mvuke kilipaswa kuchagua kitie fedha zake wapi.

Katika injini ya dizeli kuna njia mbili za kupeleka nguvu kwenye magurudumu. Moja ni ya umeme: dizeli huzungusha jenereta, na umeme huzungusha mota. Ya pili ni ya haidroli: nguvu hupitishwa kwa mafuta yanayozunguka ndani ya gia. Beyer Peacock iliungana na kampuni nyingine ikashika njia ya haidroli. Kati ya mwaka 1961 na 1964 iliunda injini 101 ziitwazo Hymek, zote kwa mnunuzi mmoja, Reli ya Uingereza, kwa ajili ya jimbo lake la magharibi. Halafu mnunuzi huyo akakata shauri kufuata njia ya umeme. Hymek ya mwisho iliondolewa kazini mwaka 1975, na kiwanda kilichoiunda kilikuwa kimefungwa miaka tisa kabla yake.

Ndugu, mali bila daftari hupotea bila habari. Basi na tufungue daftari tuone jinsi hesabu hii inavyofanywa.

Tuseme karakana ina shilingi 100,000. Mpango wa kwanza ni mashine ya kukereza chuma. Italeta shilingi 40,000 kila mwaka kwa miaka mitatu, kisha imekwisha. Mpango wa pili ni tanuri la kuyeyushia chuma. Litaleta shilingi 30,000 kila mwaka kwa miaka mitano. Mwenye haraka atauliza, "Fedha zetu zitarudi lini?" Mashine itazirudisha kwa miaka miwili na nusu, tanuri kwa miaka mitatu na miezi minne. Basi atachagua mashine.

Lakini ngojeni kidogo. Shilingi ya mwakani si sawa na shilingi ya leo. Ukiweka shilingi 100 mahali penye riba ya asilimia 10, mwakani utakuwa na 110. Kwa hiyo shilingi 110 za mwakani ni sawa na 100 za leo. Basi fedha za kila mwaka ujao sharti zipunguzwe kwa kadiri hiyo kabla ya kujumlishwa. Tukifanya hivyo, zile 120,000 za mashine zinakuwa kama 99,474 za leo. Hazifiki hata bei yake! Na zile 150,000 za tanuri zinakuwa kama 113,724. Kumbe tanuri ndilo lenye faida, na mashine ya haraka ni hasara.

Je, tumemaliza? Bado. Tuseme mnunuzi wa vyuma vya tanuri anageuka mwisho wa mwaka wa nne, kama alivyogeuka yule wa Hymek. Thamani ya tanuri inashuka kuwa kama 95,096, nalo pia limekuwa hasara. Mwaka mmoja tu umekosekana! Hesabu ilikuwa sawa. Kilichokosewa ni yale yaliyotiwa ndani yake. Hapo ndipo panapotuhusu sisi, kwa sababu mengi ya hayo hayajulikani ofisini. Mtu anayeshika mashine ndiye anayejua inasimama mara ngapi kwa juma, na vipuri hukaa miezi mingapi kabla ya kufika.

Kwa hiyo wajumbe wetu wakiitwa kuelezwa habari ya mtambo mpya, wasirudi na sifa za mtambo tu. Waulize maneno matatu.

Kwanza: hesabu imefanywa kwa riba gani, na kwa miaka mingapi?

Pili: wanunuzi ni wangapi, na mmoja akiondoka itakuwaje?

Tatu: gharama ya kuwafundisha watu, na ya kuwalipa watakaopunguzwa, imeandikwa mahali gani? Ikiwa haikuandikwa, basi faida ile imekopwa kutoka mifukoni mwetu.

Wala tusiulize ili kukataa kila kitu kipya. Wale waliopenda mvuke kwa moyo wote hawakuweza kuurudisha. Mtambo mzuri uliochaguliwa vizuri ndio unaolinda kazi zetu, na sisi tuwe wa kwanza kuutaka. Lakini tusiupokee tukiwa tumefumba macho.

Siku mkipita pale makumbusho na watoto wenu, waonyesheni Mount Gelai. Waambieni injini ile haikuwa na kosa. Wala mikono iliyoiunda haikuwa na kosa, lakini ilikosa kazi.

Umoja ni nguvu.