Aliyetoweka Bado Ana Jina

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei wa Kibaha na Kisarawe)



Ndugu waamini, wengi wenu mna watoto vyuoni, na wengine mnawapangisha wanafunzi vyumba. Ndiyo maana nimeombwa kusema juu ya jambo ambalo tungependa kulinyamazia, yaani kutoweka kwa watu.

Usiku wa tarehe 6 Machi 2018 Abdul Nondo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kiongozi wa mtandao wa wanafunzi, alitoweka jijini. Kesho yake alionekana Mafinga, mkoani Iringa, akasema alikuwa ametekwa. Aliyepandishwa kizimbani ni yeye mwenyewe, kwa shtaka la kutoa taarifa za uongo, hata Mahakama ya Hakimu Mkazi Iringa ilipomwachia huru tarehe 5 Novemba 2018. Desemba 2024 alichukuliwa tena kwa nguvu katika kituo cha mabasi cha Magufuli, akaja kutupwa ufukweni Coco akiwa ameumizwa. Nondo walau alirudi.

Katika mkoa wetu huu wa Pwani yuko ambaye hakurudi. Azory Gwanda alikuwa mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi huko Kibiti, akiandika habari za mauaji yaliyoikumba Kibiti, Rufiji na Mkuranga, ambako viongozi wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na askari polisi 8 wakauawa kwa siku moja, tarehe 13 Aprili 2017. Nao tunawaombea, damu yao si nyepesi kuliko ya mwingine. Tarehe 21 Novemba 2017 watu waliokuja na gari jeupe aina ya Land Cruiser waliondoka na Azory. Walipitia shambani alikokuwa mkewe, mjamzito, naye Azory akamwuliza ulipo ufunguo wa nyumba, akamwambia ana safari ya dharura, asiporudi siku hiyo atarudi kesho yake.

Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje wa wakati huo, Profesa Palamagamba Kabudi, alisema katika mahojiano na BBC kwamba Azory alitoweka na kufa. Baadaye serikali ikaeleza kuwa maneno hayo hayakueleweka vema. Yakobo aliletewa kanzu ya Yusufu yenye damu, akaomboleza mtoto aliyekuwa hai. Familia hii haikupewa hata kanzu. Ilipewa sentensi moja, kisha ikanyang'anywa.

Mkristo ambaye mumewe ametoweka hukutana na jambo jingine zito, nalo limo katika sheria yetu sisi wenyewe. Kanuni ya 1707 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 yasema kwamba kutoonekana kwa mwenzi, hata kuwe kwa muda mrefu, hakutoshi peke yake kumhesabu amekufa. Lazima Askofu apate uhakika wa kimaadili, kwa mashahidi, kwa habari zilizoenea au kwa dalili nyingine. Nilipoisoma seminarini niliiona ni kanuni kavu. Sasa naiona tofauti: inakataa kumzika mtu kwa kukisia. Lakini humwacha mwanamke akiwa si mke mwenye mume wala si mjane, naye akija kwa paroko tusimwambie tu kwamba avumilie. Tumsaidie kukusanya ushahidi na kuandika maombi yake kwa Askofu.

Nanyi viongozi wa jumuiya ndogo ndogo, mara nyingi ninyi ndio wa kwanza kujua kwamba mlango wa chumba cha mwanafunzi haujafunguliwa tangu jana. Msingoje saa 24 zipite, kama watu wanavyozoea kusema. Nendeni polisi siku hiyo hiyo, wawili au watatu pamoja na ndugu zake, mkaombe namba ya kumbukumbu, ile tuiitayo RB, na kuitunza. Andikeni saa aliyoonekana mara ya mwisho, nguo alizovaa, gari lililoonekana, na nani aliliona. Mambo hayo husahaulika upesi, hasa hofu inapoingia. Aliyeona naye asiachwe aende peke yake kutoa maelezo. Mtu mwenye hofu akisindikizwa husema. Akiachwa peke yake, mara nyingi atakuambia hakuona kitu.

Liko swali ambalo huulizwa kila Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu, tunapokusanya karatasi za majina: je, aliyetoweka aandikwe humo? Kwa maoni yangu, hapana, maadamu ndugu zake hawajapewa ukweli. Atajwe katika maombi ya waamini kwa jina lake kamili, bila neno marehemu, mara baada ya wagonjwa na wasafiri.