Telefone kwa telefone: kupashana faili bila mkubwa katikati



Leo hatuongee juu ya barabara ao juu ya maji. Tunaongea juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakifanya karibu kila siku bila kukifikiria: kupashana faili moja kwa moja, telefone kwa telefone. Wimbo, filamu, picha, video ya tukio. Wengine watasema hiyo ni kazi ya mafundi wa kompyuta. Hapana. Ni jambo la mwananchi, na historia ya nchi yetu ndiyo inatuonyesha.

Kumbukeni. Tarehe 30/12/2018 tulipiga kura. Kesho yake, tarehe 31, intaneti ikakatwa, na SMS nazo zikakatwa. Ilirudi tu kuelekea tarehe 20/1/2019, wakati Mahakama ya Katiba ilipokwisha kuthibitisha matokeo. Haikuwa mara ya kwanza: tulikatiwa Januari 2015 wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, mitandao ya kijamii ikafungwa Desemba 2016, tena tukakatiwa mwisho wa Desemba 2017, siku ya maandamano ya Wakatoliki. Kwa nini ni rahisi hivyo? Kwa sababu intaneti yetu inapitia kwa kampuni chache tu. Barua moja ya waziri inatosha. Nyumba yenye mlango mmoja, anayeshika ufunguo ndiye mkubwa wa nyumba.

Lakini kuna njia isiyopita kwenye mlango huo. Ukimtumia mwenzako video kwa Bluetooth ao kwa Xender, faili haiendi kwanza kwenye mashine kubwa ya Ulaya ao Marekani. Telefone yako inaita, ya mwenzako inaitika, basi. Hakuna mega zinazokatwa. Hata intaneti ikizimwa nchi nzima, faili inaweza kutoka Likasi mpaka Lubumbashi ndani ya karte memori, mfukoni mwa abiria wa basi.

Kwenye intaneti yenyewe kuna mfumo wa namna hiyo. Mwaka 1999 ilianza Napster. Watu walitoa nyimbo kwenye kompyuta za wenzao, lakini orodha ya nani ana wimbo gani ilikaa mahali pamoja. Mahakama ya Marekani iliposhika orodha hiyo, mwaka 2001 yote ikafungwa. Mwaka huohuo Bram Cohen akatoa BitTorrent. Hii inakata faili vipande vidogo vidogo. Wewe unachukua kipande kwa huyu, kingine kwa yule, na kile umekwisha kupata unaanza kukigawa papo hapo kwa wengine. Kila kipande kina alama yake, na programu inaikagua: kikiharibika njiani, inakitupa na kukitafuta upya. Wakiongezeka wenye kuchukua, na wenye kutoa wanaongezeka. Ni kama likelemba: kila mtu anapokea, kila mtu anatoa, wala hakuna benki katikati.

Sasa tusikilizane vizuri. Pasipo mkubwa wa kufunga mlango, hakuna mlinzi pia. Kazi yote ya mlinzi inabaki kwako.

Hatari ya kwanza: unaonekana. Kwenye BitTorrent, anwani ya intaneti unayotumia inaonekana na wote wanaogawana faili ile, na huwajui. Tena, kwa vile unagawa huku unachukua, huwezi kusema "mimi nilichukua tu." Na mega zako zinaliwa pande zote mbili.

Ya pili: alama ile inathibitisha kwamba kipande ni kilekile kilichotumwa na mtu wa kwanza. Haithibitishi kwamba mtu yule ni mwaminifu. Virusi nayo inafika nzima, bila kukosa hata kipande. Hatari ni kubwa zaidi siku mitandao imefungwa, maana hapo kila mtu anatafuta VPN na kupokea programu kutoka kwa yeyote. Hata programu ya kugawa inaweza kuwa na tundu: mwaka 2021 wataalamu wa Trend Micro walitangaza udhaifu mkubwa ndani ya SHAREit, programu iliyokuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni moja.

Ya tatu ndiyo inatugusa zaidi, sisi tunaopiga picha za mambo yasiyo haki. Picha inaweza kubeba ndani yake saa, aina ya telefone, na hata mahali ilipopigwa. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, habari hizo zinaondolewa. Ukiituma kwa Bluetooth, kwa Xender, ao kwa WhatsApp kama dokima, zinabaki. Dada amepiga picha akiwa dirishani kwake Kikula, faili imepita mikono hamsini, na wa hamsini na moja anaweza kujua dirisha ni la nani. Hatukubali mtu aumie kwa sababu sisi tulituma haraka.

Ya ine: uongo nao hausimamishwi na mtu. Sheria namba 23/010 ya tarehe 13/3/2023 juu ya mambo ya kidijitali inamwazibu anayeanzisha habari ya uongo juu ya mtu kwenye mitandao ya kijamii, na pia anayeipitisha.

Basi tufanye hivi. Programu tuipakue mbele ya shida kufika, kwenye duka rasmi la telefone, tusiipokee mkononi mwa mtu tusiyemjua. Tukimaliza kutuma, tuzime Bluetooth na Xender. Video ya ushahidi, faili ya asili isifutwe: saa na mahali vilivyo ndani yake vinaweza kusaidia mbele ya mahakama. Tuiweke kwa mtu mmoja ao wawili wa kuaminika, na inayotembea iwe nakala isiyo na habari hizo. Na mbele ya kupitisha, tuulize: nani aliipiga, wapi, siku gani? Jibu lisipopatikana, faili ikome kwako.

Tuanze sasa hivi, mbele ya maulizo. Kila mtu atoe telefone, afungue kamera, aingie kwenye mipangilio, atafute palipoandikwa mahali, na azime. Asiyeona, amuulize jirani yake. Tunangojana.