Nani Anamlipa Mhitimu? Vitivo vya Kisangani na Kipato Baada ya Shahada

Watu wa Kisangani, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wamezoea kubebwa na wasomi. Toleka, baiskeli za abiria ambazo jina lake la Kilingala maana yake ni "tupite", zilienea mjini petroli ilipokuwa adimu na vita vikabana barabara na mto. Si mara moja abiria amepiga gumzo na dereva wake hadi sokoni, akagundua kwamba anayekanyaga pedali ana lisanse, yaani shahada ya chuo kikuu, au amebakiza memuari, tasnifu ya mwisho, tu. Siku hizi pikipiki zimetwaa nafasi kubwa ya baiskeli. Wasomi bado wameshika usukani.

Mzazi anayeuza mbuzi ili amwandikishe mtoto chuoni huuliza swali moja: kitivo gani kina pesa? Mada hii inadai kwamba swali hilo limekosewa mahali pa kuanzia. Aulize kwanza ni nani atakayemlipa mtoto huyo.

Historia ya Chuo Kikuu cha Kisangani inaonyesha sababu. Kilianza kama Chuo Kikuu Huru cha Kongo, kilichofunguliwa na Waprotestanti mwaka 1963, mji ukiitwa bado Stanleyville. Agosti 1964 waasi wa Simba waliuteka mji, na masomo yakahamishiwa Léopoldville, Kinshasa ya leo. Kundi la kwanza kabisa, basi, lilionja ucheleweshaji ambao vizazi vya baadaye vingeuzoea. Mwaka 1971 serikali iliviunganisha vyuo vikuu vyote vitatu vya nchi kuwa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire na kugawa vitivo kwa miji: saikolojia na ualimu vikawekwa Kisangani, kilimo kikaenda Yangambi, kilomita kama 100 kwa kufuata mto. Mgawanyo huo ulipovunjwa mwaka 1981, sifa ya mji ilikuwa imeshakaa: Kisangani ni mji wa walimu.

Mwalimu hulipwa na serikali, na serikali ikashindwa kulipa. Baada ya migomo ya mwanzo wa miaka ya 1990, maaskofu na wazazi walikubaliana kwamba wazazi wachangie mishahara. Mchango wa dharura ukadumu zaidi ya robo karne. Septemba 2019 elimu ya msingi ya umma ilipotangazwa kuwa ya bure, mlipaji alibadilika kwa siku moja. Waliokuwa kwenye orodha ya mishahara walitazamia nyongeza. Wale wanaoitwa "vitengo vipya", yaani walimu wanaofundisha huku majina yao hayajaingizwa kwenye orodha hiyo, walipoteza hata senti za wazazi. Shahada ni ileile, darasa ni lilelile, na ubao ni huohuo.

Udaktari nao, ambao kila ukoo unautamani, si mshahara mmoja. Baada ya miaka isiyopungua 6 na kuandikishwa katika Baraza la Madaktari, daktari wa hospitali ya umma huishi kwa vipande: posho ya hatari, au primu kama wenyewe wanavyoiita, mgawo wa malipo ya wagonjwa, na mshahara, kwa wale wanaoupata. Mwanasheria naye hutumikia miaka 2 ya mafunzo ya uwakili kabla ya kusimama peke yake, na muda wote huo humtegemea wakili mkubwa na jamaa zake.

Mfano unaokwenda kinyume uko jirani. Kwa muda mrefu misitu ilikuwa somo la wachache, ingawa mji umezungukwa na msitu. Kisha miradi iliyofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kuongozwa na CIFOR, kituo cha kimataifa cha utafiti wa misitu, ikawalipia vijana shahada ya uzamili hapa Kisangani, na utafiti wa Yangambi ukafufuka. Mwaka 2020 ulisimamishwa mnara wa mita 55 unaopima hewa ya ukaa inayoingia na kutoka msituni. Somo halikubadilika. Alipatikana mlipaji, ingawa mlipaji wa mradi huja na tarehe ya kuondoka.

Kuna pia wasiofika mwisho. Mfumo mpya wa LMD (lisanse, uzamili, uzamivu), ulioenezwa vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022, umepanga lisanse ya miaka 3 badala ya graduwa, shahada ya awali ya miaka 3, na lisanse ya 2. Kwenye karatasi safari imefupishwa. Lakini ada ya mwaka, mgomo wa maprofesa, na gharama ya kuchapa memuari na kuitetea havisomi karatasi hiyo. Mwanafunzi aliyefaulu mitihani yote na kukwama kwenye memuari haonekani popote: mwalimu humwona amemaliza, mwajiri humwona hajamaliza.

Marekani, tangu 2015, huchapisha kipato cha waliosoma vyuoni kwa msaada wa fedha wa serikali kuu, kwa kutumia kumbukumbu za kodi. Njia hiyo ikihamishiwa Tshopo, mkoa wa Kisangani, itapima kivuli, kwa kuwa primu, shamba la mihogo na duka la mke havimo kwenye daftari la kodi. Kwa hiyo mada inapendekeza kitu kidogo: siku ya kukabidhi memuari, katibu wa kitivo aandike nambari mbili za simu, ya mhitimu na ya ndugu. Baada ya miaka 2 apige, aulize maswali matatu: unalipwa na nani, tangu lini, na mara ya mwisho ulipokea lini? Vocha ya simu hizo ikatwe kwenye ada ya memuari, na katibu apewe malipo yake, maana yeye pia huenda ni kitengo kipya.