Brashi na Chombo cha Maziwa

Msikilizaji, twende Rapsu, kaunti ya Isiolo. Tangu Januari 2026, mwanafunzi wa Gredi ya 10 nchini Kenya anaweza kuchagua mkondo wa sanaa na michezo. Sawa. Lakini wa Rapsu atauchaguaje ikiwa hajawahi kushika brashi?

Wapo wazazi wanaosema, na siwalaumu, kwamba ukame ukimaliza mifugo, mchoro haujazi sufuria. Sasa sikia upande wa pili. Mama wa Kiborana husuka chombo cha maziwa kwa nyuzi za mizizi, kikakazana hata tone lisivuje. Hiyo ni sanaa, tena haikungoja rangi za dukani. Mkaa upo, udongo upo.

Nikuulize basi: nani atamkaribisha mama huyo darasani?