Nani Hushirikishwa Katika Tafiti za Usonji?

Usonji, yaani hali ya ukuaji wa ubongo inayogusa mawasiliano na mahusiano, huwapata watu wa kila asili; hata hivyo, mapitio ya watafiti wa Marekani yaliyochapishwa mwaka 2022, yaliyochambua tafiti 1,013 za afua, yaani mbinu za kuwasaidia wenye usonji, zilizotolewa kati ya 1990 na 2017, yalibaini kwamba takriban robo tu ya tafiti hizo zilitaja rangi au asili ya washiriki, na katika hizo Wazungu ndio waliokuwa wengi zaidi. Kwa kuwa lugha, malezi na kipato huathiri matumizi ya afua, mbinu iliyopimwa kwa kundi moja haitoshi kuaminiwa kwa wote. Watafiti na wafadhili wanapaswa kuwashirikisha walioachwa nyuma.