Nyama, maharagi na makala: neno letu juu ya chakula na msitu



Wengine watauliza: vijana hawa wameacha usalama na barabara, sasa wanakuja kutuhesabia nyama? Hapana. Tumekuja juu ya msitu, na msitu ni mali yetu sisi wote.

Huko Ulaya na Marekani watu wanaambiwa wapunguze nyama, na ni haki waambiwe. Mwaka 2013 shirika la FAO lilionyesha kwamba mifugo inatoa karibu 14,5% ya gesi zinazopasha dunia joto kutokana na kazi za binadamu. Ng'ombe akicheua anatoa metani. Kule Brazili, msitu wa Amazon unakatwa zaidi kwa ajili ya malisho.

Lakini mama wa Birere anayenunua nyama siku ya Noeli tu, mutamuambia nini? Kongo ni kati ya nchi ambazo watu wanakula nyama kidogo kabisa duniani. Mtoto asiyepata yai wala sambaza, hatumwambii apunguze. Mzigo wa matajiri usiwekwe kwenye sahani yake.

Hata hivyo, sisi pia tuko na deni. Tuangalie Masisi: milima iliyokuwa na msitu imekuwa malisho ya watu wachache, na mkulima wa pembeni anakosa hata kipande cha kupanda maharagi. Shamba likipandwa maharagi linalisha watu wengi kuliko likilisha ng'ombe. Kwa hiyo, hapa kwetu, swali la nyama ni swali la udongo: nani ako nao?

Na tusijidanganye, maharagi pia yanakula msitu. Yanachemka saa mbili, saa tatu juu ya makala, na makala mengi ya Goma yanatoka Virunga, mbuga iliyoanzishwa 1925 na kuwekwa katika urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1994. Biashara hiyo hiyo inalisha wenye bunduki.

Basi tunasema hivi.

Nyumbani: tuloweke maharagi usiku kucha, tumwage yale maji, tufunike sufuria, tutumie jiko linalookoa makala. Maharagi yataiva mbio, na franga za makala zitabaki mfukoni.

Sokoni: tusinunue nyama ya pori inayokatazwa. Sheria ya tarehe 11 Februari 2014 inalinda wanyama wetu. Viboko wa ziwa Edward walikuwa maelfu na maelfu. Leo wamebaki wachache sana.

Kwa viongozi: maji ya Matebe, kule Rutshuru, yanatoa umeme tangu 2015. Kumbe inawezekana. Tunataka umeme ufike kwenye kartie za wadogo, kwa bei ambayo mama anayeuza bilo ya maharagi anaweza kulipa. Tena mashamba makubwa yaliyolala wapewe wakulima wasio na udongo.

Mtu asilale njaa ili mti usimame, na mti usianguke kwa sababu maskini amekosa njia ingine ya kupika. Leo jioni kila mmoja aloweke maharagi yake. Kesho tuende pamoja kuuliza bei ya umeme, na tusirudi bila jibu.