Sukari, Sabuni na Simu: Haki ya Mnunuzi Kuchagua
Maandishi ya mazungumzo kwa wafanyabiashara na wakazi wa Myanga, Kaunti ya Bungoma



Mfano uanzie dukani. Mama ameenda kununua kilo moja ya sukari. Mwenye duka anamwambia sukari ipo, lakini haiuzwi mpaka achukue na sabuni. Kama kuna maduka mengine matano, mama ataondoka tu. Kama duka ni hilo moja, atalipa, na jirani anayetengeneza sabuni nzuri zaidi atakosa mnunuzi. Mama amepoteza shilingi chache. Jirani amepoteza biashara.

Kesi kubwa za kompyuta duniani zinahusu sukari na sabuni hiyo hiyo. Mnamo Mei 18, 1998, serikali ya Marekani pamoja na majimbo 20 iliishtaki kampuni ya Microsoft. Kompyuta nyingi mno wakati huo zilitumia mfumo wake wa Windows. Microsoft ilifungasha ndani yake kivinjari chake, yaani programu ya kufungulia kurasa za intaneti, na kuwabana watengenezaji wa kompyuta wasikiondoe. Netscape, kivinjari kilichokuwa kikiongoza, kikapoteza soko.

Microsoft ilijitetea kwamba kivinjari ni sehemu ya mfumo, na mteja anakipata bila kulipa zaidi. Juni 2000 jaji aliamuru kampuni igawanywe. Juni 2001 mahakama ya rufaa iliondoa amri hiyo, lakini ikakubali kwamba Microsoft ilikuwa imelinda ukiritimba wake kinyume cha sheria. Baadaye serikali ya Marekani na baadhi ya majimbo zikaafikiana na Microsoft.

Ulaya nako, mwaka 2018, Google ilitozwa faini ya euro bilioni 4.34. Kosa moja lilikuwa kuwataka watengenezaji wa simu za Android waweke kivinjari cha Chrome na programu ya Google ya kutafutia habari, ndipo waruhusiwe kuweka duka lake la programu. Mwaka 2022 mahakama ilipunguza faini hadi euro bilioni 4.125, lakini sehemu kubwa ya uamuzi ikabaki.

Hapa Kenya, jambo la karibu zaidi na hilo lilikuwa kwenye vibanda vya kutuma pesa. M-Pesa ilianza mwaka 2007. Kwa miaka kadhaa, wakala wa Safaricom hakuruhusiwa kuhudumia kampuni nyingine. Airtel ililalamika kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Safaricom ilikuwa imegharamika kujenga mtandao wa mawakala zaidi ya 80,000, na hoja hiyo ina uzito. Lakini kibanda ni cha wakala, kodi analipa wakala, na pesa za kuzungusha ni zake. Julai 2014 sharti hilo liliondolewa. Ndiyo maana leo kibanda kimoja kinaweza kuwa na M-Pesa na Airtel Money, na mteja akachagua mwenyewe.

Ieleweke vizuri: kuwa kampuni kubwa si kosa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010, kifungu cha 24, inakataza kutumia ukubwa huo vibaya. Inataja waziwazi kumlazimisha mtu akubali masharti ya ziada yasiyohusiana na kile anachonunua. Adhabu ni kifungo kisichozidi miaka 5, au faini isiyozidi shilingi milioni 10, au vyote viwili. Ibara ya 46 ya Katiba nayo inalinda haki za mnunuzi, na biashara ya haki ni mojawapo ya majukumu ambayo Katiba imezipa kaunti.

Kwa hiyo, mambo matatu ya kwenda nayo nyumbani.

La kwanza, kivinjari kilichokuja na simu si amri. Unaweza kupakua kingine, kama Firefox au Opera Mini, kisha ukaingia kwenye mipangilio ya simu na kukifanya kiwe cha kwanza kufunguka. Opera Mini hubana kurasa, hivyo bando hudumu zaidi.

La pili, kabla ya kutia sahihi mkataba wa uwakala, wa pembejeo au wa kusambaza soda, usome masharti yote. Uliza: je, hiki ninachofungiwa nacho kinahusiana na ninachotafuta?

La tatu, ukilazimishwa, weka risiti, mkataba na ujumbe wa simu. Sheria inaruhusu Mamlaka ya Ushindani kuchunguza inapopokea malalamiko, na si lazima mlalamikaji awe kampuni kubwa. Anza kwa kumweleza afisa wa biashara wa kaunti.

Soko zuri ni lile ambalo mama anaweza kununua sukari yake, akaacha sabuni, na akarudi nyumbani bila kugombana na mtu.